Tumbili, kasuku, kobe, njiwa au nyuki wadogo: nani wa kukaa naye nyumbani?

Ukiuza dawa za mifugo Kigoma mjini, unazoea maswali ya kideri cha kuku, minyoo ya mbuzi na kupe wa mbwa. Halafu anaingia mteja, anasalimia vizuri, anasubiri wengine watoke, anaegemea kaunta na kushusha sauti: "Ndugu yangu, dawa ya minyoo ya tumbili ipo?" Wengine huulizia kasuku anayejinyonyoa, wengine kobe aliyegoma kula. Wapo pia ambao bado hawajamchukua mnyama. Wameonyeshwa, wametajiwa bei, watoto nyumbani wanamlilia, na wao wamebaki njia panda. Hawa wa njia panda ndio ninaowaandikia, wa huku Kigoma na wa Tabora pia.

Nimeweka watano mezani. Tumbili, kasuku wa kijivu na kobe ni wanyamapori, na ndio wanaoulizwa sana. Njiwa nimemweka kwa sababu amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka. Nyuki wadogo, wale wasiodunga, ni viumbe wa msituni kabisa, lakini mtu anaweza kuwaweka barazani kwake kwa halali, na kwa habari za asali watu wa Tabora wanajua kuliko mimi.

Sokwe hayumo. Sokwe wa Gombe, Mahale na misitu ya Masito na Ugalla si wa kufikiriwa nyumbani hata kwa mzaha. Kumpata mtoto wa sokwe mara nyingi humaanisha mama yake ameuawa, na pengine wengine waliojaribu kumtetea. Ukitajiwa bei ya sokwe, ripoti.

Vigezo ni sita: sheria, umri, tabia akishakomaa, chakula, magonjwa, na mahali pa kumpeleka ukishindwa. Bei ya kununulia sikuihesabu kwa makusudi. Mtoto wa tumbili unaweza kupewa bure na kijana aliyetoka kulinda mahindi, na bado akawa ghali kuliko wote hapa.

Sheria

Anza hapa, maana huenda usihitaji kuendelea.

Tumbili, kasuku na kobe wako kapu moja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Watu wengi wanadhani nyara za Serikali ni pembe za ndovu na ngozi ya chui tu. Sivyo. Mnyama aliye hai naye ni nyara. Tumbili aliyefungwa kwenye mwembe wako bila kibali ni kesi, hata kama ulimwokota, hata kama unampenda kama mwanao. Na mashauri ya nyara mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, ambako dhamana si jambo la kumalizana kituoni jioni ileile. Vibali vipo, na vinatolewa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Ila vimelenga bustani, mashamba ya wanyamapori na vituo vyenye eneo, uzio na uwezo wa kumtunza mnyama. Mpangaji wa chumba na sebule hakufikiriwa hapo.

Kasuku wa kijivu ana mzigo wa ziada. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Maana yake, biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imefungwa. Kwa hiyo yule anayevushwa Ziwa Tanganyika usiku ndani ya kikapu hana karatasi, na hatazipata akishafika kwako. Kobe wote wa nchi kavu nao wamo kwenye orodha za mkataba huo. Na kama kuna mtu anakushawishi ufuge halafu uuze nje kwa dola, mkumbushe kwamba mwaka 2016 Serikali yetu ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Anakutafutia matatizo huyo.

Njiwa wa kufugwa hahitaji kibali cha wanyamapori. Ulizia tu sheria ndogo za manispaa, na zaidi ya hapo mwulize jirani. Nyuki wana sheria yao wenyewe, Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, na mlango wa kugonga ni wa afisa nyuki wa halmashauri. Kati ya ofisi zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo itakayofurahi kukuona.

Umri

Njiwa akitunzwa anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Tumbili aliye kifungoni anaweza kupita miaka 20. Kasuku wa kijivu hufika 40, wengine 60. Kobe mkubwa mwenye madoa anaweza kumzika aliyemleta, kwa hiyo kama unamtaka kwa dhati, mwandike kwenye wosia na uhakikishe mrithi amekubali. Nyuki mmoja mmoja huishi muda mfupi, lakini familia hujibadilishia malkia na kuendelea miaka mingi ikiwa mzinga hausumbuliwi.

Jiulize mtoto wako wa miaka minane anayemlilia kasuku leo atakuwa wapi akiwa na miaka 30. Dodoma? Dar? Kasuku atakuwa bado yuko kwako, na anajua jina lake.

Akishakomaa

Hapa ndipo panapowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa tumbili ni mzuri, hakuna ubishi. Vidole vyake ni kama vya mtoto mchanga, anashika kola ya shati na kulala kifuani. Lakini analala kifuani kwako kwa sababu kifua cha mama yake hakipo. Mara nyingi mama alipigwa au aliumwa na mbwa akiwa shambani, na mtoto akabanduliwa mgongoni au tumboni mwake. Kinachoonekana kama mapenzi ni mtoto anayetafuta pa kushika.

Miaka inapita. Dume la tumbili likikaribia miaka mitano linaanza kukomaa. Porini, huo ndio wakati wa kuliacha kundi alilozaliwa na kwenda kujaribu bahati kwenye kundi jingine, na huko anaingia kwa ugomvi na vitisho. Nyumbani kwako hakuna kundi jingine. Kuna mkeo, kuna watoto, kuna mgeni aliyekuja kusalimia. Tumbili anapanga watu kwa vyeo, na anaanza kumpima aliye mdogo kimo. Meno yake ya chonge ni marefu na yana makali, na haonyi kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa. Jike ni afadhali kidogo, lakini naye hung'ata.

Baada ya mng'ato wa kwanza inakuja kamba. Nimeona tumbili mmoja aliyefungwa kiunoni kwa kamba ya manila akiwa mdogo, akakua, kamba ikabaki ileile. Ilikuwa imezama ndani ya ngozi, manyoya yamekwisha kuizunguka, na kila akiruka fundo lilikuwa linafungua kidonda upya. Mwenye nyumba hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa kumsogelea ailegeze. Wengine huomba mnyama ang'olewe chonge. Hilo halimfanyi mpole, linamwachia maumivu tu, na taya bado linauma.

Mbwa na njiwa wamezaliwa mikononi mwa watu vizazi kwa vizazi, na wakali hawakuachwa wazae sana. Tumbili wako ni kizazi cha kwanza. Amekuzoea wewe, basi.

Kuwazoesha wanyama wa porini kuliwapa shida hata wataalamu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na miaka michache baadaye sokwe wakawa wanapewa ndizi ili wasogee karibu. Walisogea kweli, nyani nao wakasogea, na ugomvi ukaongezeka. Utoaji wa ndizi ukapunguzwa, na mwishowe ukaachwa. Wale hawakuwa wamefungwa kamba, wala hawakuwa wakiishi na watoto wa watu.

Kasuku haumi kama tumbili, ingawa mdomo wake unavunja kokwa na kidole si kigumu kuliko kokwa. Shida yake ni upweke. Porini analala kwenye makundi makubwa na mchana kutwa anaitana na wenzake. Akiwekwa peke yake kwenye tundu la waya jikoni, anaanza kupiga kelele asubuhi na jioni, halafu anajinyonyoa. Utamwona kichwa kina manyoya safi, kwa sababu mdomo haufiki kichwani, na kifua ni ngozi tupu ya pinki yenye vipele. Watu huniomba dawa ya viroboto. Mara nyingi si viroboto.

Kobe hana makuu. Hang'ati watoto, hapigi kelele. Ubaya uko kwa watu: ili asipotee wanamtoboa gamba na kupitisha waya. Gamba lile si kama ukucha. Chini yake kuna mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, na tundu ni njia ya usaha. Kobe anahitaji ukuta mfupi asioweza kuona ng'ambo yake, si kamba.

Njiwa akikomaa anataga mayai mawili, anaatamia siku 18 hivi, analea, anarudia. Usipokuwa mwangalifu, jozi mbili zinakuwa kundi. Nyuki wadogo hawana mwiba unaodunga. Ukiwachokoza wanaingia kwenye nywele na masikio na kung'ata kwa taya, inakera, na ndiyo hasira yao yote.

Chakula

Kwa kasuku, Kigoma ni mahali pazuri na pabaya kwa wakati mmoja. Pazuri kwa sababu ya michikichi: huko misituni kwao ngazi, yaani matunda ya mchikichi, ni chakula chao cha kupendwa, na ule wekundu wa mawese una viini vya vitamini A, ambayo kasuku anayelishwa alizeti peke yake huikosa. Anahitaji pia madini ya chokaa, mboga na matunda. Pabaya kwa sababu ya parachichi. Kila mtu analo uani, kila mtoto anaona ni ukarimu kumkatia ndege kipande, na parachichi ni sumu kwa kasuku.

Tumbili atakula ugali, chapati, biskuti na soda, na ndiyo hasara yake: anaoza meno, anaharisha, ananenepa. Mahitaji yake ni matunda, majani, mbegu, wadudu, na kazi ya kuvitafuta siku nzima. Ukimpa sahani saa nne asubuhi, saa zote zilizobaki atatafuta kazi nyingine, na mapazia ni kazi.

Kobe mwenye madoa anataka nyasi na majani. Dagaa, maziwa na ugali si vyake. Njiwa anataka mtama, uwele, mahindi yaliyoparazwa, maji safi na changarawe kidogo. Nyuki wanajilisha. Wewe usipulize dawa ya wadudu kwenye maua wanayoyatembelea.

Magonjwa

Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade waliugua homa isiyojulikana baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda pamoja na viungo vyao. Waliougua walikuwa 31, waliokufa 7. Ugonjwa ukapewa jina la mji huo, na ndio huohuo Marburg uliotangazwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Popo wala matunda ndio wanaotajwa kuwa hifadhi ya kirusi hicho porini, si tumbili, na sisemi kila tumbili anaubeba. Ninachosema ni kwamba tumbili anaweza kuwa daraja, na wewe huna maabara.

Ya karibu zaidi ni kichaa cha mbwa, minyoo na vidonda vya meno. Na daraja linapitika pande zote mbili. Kifua kikuu cha mwenye nyumba kinaweza kumwangusha tumbili. Gombe yenyewe iliwahi kupata mlipuko wa polio mwaka 1966, baadhi ya sokwe wakafa na wengine wakapooza viungo, na inaaminika uliwafikia kutoka kwa binadamu.

Kasuku anaweza kumwambukiza mtu homa inayoshika mapafu, kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Kobe mara nyingi hubeba salmonela bila kuumwa, kwa hiyo mtoto akimshika, mikono kwa sabuni kabla ya kugusa andazi. Njiwa anaweza kupata kideri na kuwaletea kuku wako na wa jirani, na kinyesi chake kikiingia kwenye mifereji ya kuvunia mvua, kinaishia kwenye tenki la maji ya kunywa. Nyuki wadogo hawana la kutisha hapa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu: nani atamtibu. Madaktari wa mifugo tulio nao wako hodari kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kasuku ana gramu 400 na kitu, dozi yake si ya kukisia kwa kugawanya kidonge cha mbuzi. Kila wiki mtu ananitaka nikisie, kila wiki nakataa, na baadhi hawarudi.

Ukishindwa

Njiwa ukimchoka unamgawa au unamchinja. Mzinga wa nyuki unauzwa. Hapa njiwa na nyuki wanawaacha wenzao mbali sana.

Tumbili hawezi kurudishwa porini kwa kufunguliwa kamba pembezoni mwa barabara ya Kasulu. Kundi la pale halimjui na litampiga, naye hamwogopi binadamu, kwa hiyo ataingia kwenye nyumba ya kwanza atakayoiona. Kuna mfano unaotajwa sana wa kurudisha wanyama msituni: kati ya 1966 na 1969, sokwe waliokuwa wakiishi kifungoni Ulaya walipelekwa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, na wazao wao wapo hadi leo. Lakini kile kilikuwa kisiwa, hakikuwa na sokwe wengine, na hata hivyo baadhi ya walioachiliwa walishambulia watu. Wewe na jirani yako mwenye pikipiki hamwezi hiyo.

Kasuku aliyekulia kwenye tundu hajui mwewe ni nini. Kobe akitupwa msitu usio wake anaweza kufa njaa au kuwapelekea wenzake ugonjwa. Tabora mjini ipo bustani ya wanyamapori chini ya TAWA, lakini usiihesabu kama jalala la kupelekea mnyama aliyekuchosha. Nafasi ni ya wachache, na wao ndio wanaoamua.

Nani anamfaa nani

Tumbili anakifaa kituo chenye kibali, mabanda makubwa, wenzake wa jamii yake na watu wanaolipwa kumhudumia. Kwa familia, sijaona hali inayomfaa. Hapo nimeegemea upande, najua.

Kasuku anaweza kumfaa mtu mwenye ndege wa halali na karatasi zake, nyumba isiyobaki tupu mchana, uvumilivu wa kelele, na mtu wa kumrithi. Mama wa nyumbani anayeshinda na ndege barazani atamlea vizuri kuliko mfanyabiashara mwenye tundu la gharama. Kobe atakifaa chuo, hoteli au shamba lenye uwanja mpana wenye nyasi na kibali mkononi. Ukiwa navyo vyote viwili, kati ya hao watatu yeye ndiye mwenye usumbufu mdogo.

Njiwa ni wa mwenye uwanja mdogo na watoto wanaotaka kuona maisha yakianza na kuendelea. Nyuki wadogo ni wa mwenye subira: asali yao ni kidogo, ina uchachu, na huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa.

Kwa hali yako

Kama umepanga Mwanga au Gungu hapa Kigoma mjini na mnashiriki ua na wapangaji wengine, waache wote wa porini. Njiwa jozi moja, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, au sungura wawili.

Kama una kiwanja kikubwa Sikonge, Urambo au Kasulu na miti yako mwenyewe, anza na nyuki. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na maafisa nyuki wa huko hawaoni aibu kuulizwa maswali ya msingi. Nyuki wakubwa waende mbali na nyumba, wadogo wanaweza kuning'inia chini ya paa.

Kama kinachokuvuta ni kumwona mnyama wa porini na si kummiliki, nauli ya boti kutoka Kibirizi kwenda Gombe ni fedha iliyotumika vizuri kuliko tundu. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na utawaona sokwe, nyani na kima wakiwa na wenzao. Wa Tabora mna ile bustani mjini, wapelekeni watoto Jumamosi.

Kama una nafasi, mtaji na nia ya kufuga wanyamapori kwa dhati, nenda ofisi za TAWA kabla ya kununua hata waya wa uzio. Uliza masharti, ndipo upige hesabu.

Na kama tayari unaye, usimwachie usiku, usimuuze kwa mwingine, usimng'oe meno. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA iliyo karibu, eleza ulivyompata na uulize utaratibu wa kumkabidhi. Ni afadhali uwapigie wewe kuliko wapigiwe na jirani. Wakati unasubiri, mweke kivulini, mpe maji, legeza kamba kama anakubali kusogelewa, na weka watoto mbali. Akiwa amemng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifunge kwa kitambaa, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo aanze chanjo ya kichaa cha mbwa.